Aliyesamehe Gari Lisilo Lake

Katika mji wa Salti, ambako nyumba zimepandana mabegani na barabara zote zinateremka, kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kila kitu kuhusu bima ya gari, ila kuendesha gari. Jina lake Mithkali, na watu walimwita Abu Rakan kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kitambi cha kiasi na masharubu yanayochanwa kila asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye dawati lile lile la maswali, katika tawi la kampuni moja ambayo jina lake silitaji kwa sababu bado inamlipa mshahara.

Kazi yake ilikuwa kujibu. Watu huchukua namba mlangoni, hukaa kwenye viti vya plastiki, na namba ikiitwa husogea na maswali yao. Wengi hawakutaka jibu. Walikuwa wanalo tayari, wanatafuta mtu wa serikali au wa kampuni wa kuwakubalia tu.

"Abu Rakan, mbuzi wangu karuka kutoka kwenye pikapu yangu, kaangukia gari la mtu. Bima inalipa?"

"Inamlipa mwenye gari."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi anayo bima yake?"

"Hana."

"Basi ndiyo imetoka hiyo. Namba ishirini na tatu."

Namba ishirini na tatu alikuwa na shemeji. "Shemeji yangu hana leseni, lakini anaendesha kuliko hao wenye leseni. Akigonga je?"

"Akigonga, bima inamlipa aliyegongwa, halafu inakuja kwako kudai kila ilichotoa."

"Kwangu mimi? Si kwa shemeji?"

"Shemeji ana kitu?"

"Hana hata kiberiti."

"Umejijibu mwenyewe, ami yangu."

Na yule aliyerudi nyuma kwa kasi akaangusha geti la nyumba yake alielezwa mara tatu kwamba bima ndogo ni kwa ajili ya watu uliowagonga, si kwa ajili yako. "Kwa hiyo mpaka nimgonge mtu ndiyo inalipa?" akauliza. "Ndiyo, inamlipa yeye." "Na mimi napata nini?" "Unapata rafiki mpya," alisema Mithkali, na foleni yote ikacheka. Alipenda foleni ikicheka. Hilo tulijue mapema, maana ndilo lililomponza.

Lakini jambo alilolihubiri kuliko yote ni kahawa. Sisi huku, mtu akimgonga mwenzake, jamaa zake hawapeleki barua. Wanakwenda wazee kumi, kumi na watano, na majoho yao, wanakaa sebuleni kwa aliyegongwa, wanapewa kahawa chungu ya iliki, na hawainywi. Vikombe vinawekwa chini, vinapoa, mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mlichokijia mmekipata." Akishasema hivyo haki yake imekwisha. Akija kesho kwenye dawati la bima kudai bampa lake, anaulizwa swali moja tu: walikunywa? Kama walikunywa, arudi nyumbani akalitazame bampa.

"Hakuna kinywaji ghali nchi hii kama kahawa ya bure," Mithkali aliwaambia wateja. "Ukigongwa, usisamehe. Njoo kwangu kwanza. Ukitaka sana kusamehe, msamehe mkweo."

Basi huyo ndiye fundi wetu. Na wahenga walisema mganga hajigangi.

Kuendesha alijaribu mara moja, akiwa kijana. Somo la tatu akakutana na kundi la kondoo kwenye mzunguko wa barabara, akazima injini, akashuka, akampa mwalimu funguo na kurudi nyumbani kwa miguu. Tangu hapo alisoma ripoti za ajali kila siku ya kazi, na kila gari aliloliona lilikuwa kwake ni ripoti ambayo haijaandikwa bado.

Gari lilikuwa la mkewe. Umm Rakan alifundisha jiografia shule ya wasichana, na alipofika miaka arobaini na tisa alisema anataka leseni. Mithkali akasema si umri huo. Alifeli mara nne na kila mara Mithkali alimpa pole huku ameridhika kidogo moyoni, mtu mbaya huyu. Mara ya tano akapita. Akachukua fungu lake la mizeituni aliyoachiwa na baba yake, akaliuza, akanunua Kia ndogo nyeupe ya mkono wa pili, na kadi ya gari ikaandikwa jina lake.

Sababu ilikuwa mama yake. Yule bibi alikaa kijijini huko Ajluni, na alikuwa ameanza kusahau, leo jina la mjukuu, kesho la mtoto aliyemzaa mwenyewe, na Umm Rakan alikuwa anakimbizana na kusahau huko kila Ijumaa. Kwa basi ilikuwa mabasi matatu na nusu ya siku. Kwa Kia ilikuwa saa moja na robo. Alifika mapema, akamwosha mama nywele, akamtajia watu wote wa ukoo mmoja mmoja kama somo la mito na milima, na jioni akarudi ana uso wa msichana. Mithkali alikwenda naye mara nyingine, amekaa pembeni, mguu wa kulia umekanyaga breki ambayo haikuwepo.

Ajali ilitokea Jumatatu ya mwezi wa kumi, msimu wa zeituni, saa nne asubuhi. Umm Rakan alikuwa amekwenda shule kwa miguu, kwa kuwa shule ipo ngazi themanini tu juu ya nyumba, na gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mtaa. Akaja Nimri, muuza gesi, na lori lake dogo limejaa mitungi, linapiga ule wimbo wake unaojulikana na kila jiko la mtaa. Mama mmoja wa ghorofa ya nne akaita. Nimri akasimamisha lori kwenye mteremko. Breki yake ya mkono ilikuwa imestaafu tangu majira ya baridi, kwa hiyo akafanya kama kawaida, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akajitwika mtungi begani, akapanda.

Sasa, nyumba ya chini kabisa anakaa Umm Atallah, mjane, na Umm Atallah asubuhi ile alikuwa anatia zeituni kwenye pipa la maji ya chumvi. Zeituni zinataka kukandamizwa na kitu kizito, la sivyo zinaelea na kuota ukungu. Akatoka mlangoni kutafuta jiwe. Akaliona moja zuri, la duara, safi, liko pale barabarani halina kazi.

Lori likaondoka taratibu, halina mtu, linapiga wimbo wake. Wakaazi wa mtaa waliliona likipita, na wawili walilipungia mkono lisimame. Kona ya kwanza lilipita kwa adabu. Kona ya pili halikuona sababu ya kuikata, likaenda moja kwa moja likaingia kwenye mgongo wa ile Kia nyeupe, na Kia nayo ikasukumwa uso kwa uso na ukuta wa mawe. Mitungi ilinguruma lakini haikupasuka, alhamdulillahi. Hakuumia mtu hata mmoja. Wimbo uliendelea robo saa nzima mpaka mtu akapata swichi, na kina mama wengine watatu wakatoka na mitungi mitupu wakijua muuza gesi kafika.

Trafiki akaja kuchora mchoro wa ajali. Kijana makini sana. "Jiwe liko wapi?" akamuuliza Nimri.

"Wallahi niliweka. Hapa hapa."

"Sasa liko wapi?"

Umm Atallah akatokea mlangoni anajifuta mikono. "Jiwe lipi, mwanangu? Hili la zeituni zangu?"

Trafiki akaingia jikoni, akaliona jiwe limekaa juu ya pipa, akapima kwa hatua kutoka gurudumu hadi pipa, akalichora. Mpaka leo mchoro huo rasmi una muhuri wa polisi, magari mawili, ukuta mmoja na pipa la zeituni lenye mshale.

"Sasa mkosaji nani?" Nimri akauliza kwa matumaini. "Si yeye aliyechukua jiwe?"

"Mkosaji ni wewe," alisema Mithkali, aliyekuwa ameitwa kutoka kazini na amefika akihema. "Gari linachungwa na dereva wake. Jiwe halina leseni." Watu wakacheka, na Mithkali, pamoja na huzuni yote, akafurahi.

Umm Rakan alishuka zile ngazi saa saba. Alitazama boneti iliyokunjamana, akatazama nyuma ambako hapakuwa na nyuma tena. Akajaribu mlango, ukagoma. Akapenyeza mkono dirishani, akatoa mto mdogo aliokuwa anamwekea mama yake mgongoni, akaukumbatia kifuani.

"Ijumaa je?" akauliza.

"Nipe wiki tatu, binti ami," akasema Mithkali. "Nimri anayo bima, tena kwetu. Mchoro upo, kosa lipo wazi, na mimi nipo. Gari litatengenezwa mpaka ulisahau lilikuwaje."

Akamwamini. Kwa nini asimwamini? Mumewe ndiye mtu pekee katika Salti aliyejua jibu la kila swali.

Jumatano baada ya alasiri Umm Rakan alikuwa kwenye mkutano wa wazazi. Mithkali yuko nyumbani na kanzu yake ya kupumzikia, akasikia miguu mingi kwenye ngazi. Akafungua. Walikuwa wanaume kumi na wanne, na mbele yao Haji Fandi.

Haji Fandi ana miaka themanini na mbili, sikio moja halifanyi kazi, lakini ulimi unafanya kazi ya wawili. Ndiye anayetangulizwa kila palipo na shari ya kuzimwa, na jamaa za Nimri walikuwa wamekwenda kumchukua kwake asubuhi. Mithkali aliwahi kukaa kwenye misafara yake mara nyingi. Siku zote alikaa karibu na mlango, pale penye viatu, mtu wa kumi na nne wa kuongeza idadi. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuja kukaa kwake asinywe kahawa.

Akapika kahawa, akaimimina. Wakaiweka chini, vikombe kumi na vinne, tak, tak, tak, kwenye sakafu yake mwenyewe. Alikuwa na maneno tayari, yale yale ya dawatini: kunyweni wazee wangu, hili halina uadui, bima ya Nimri italimaliza. Maneno kumi tu. Haji Fandi akamtangulia.

"Nyumba hii tunaijua tangu babu yako," akaanza. "Njaa ya mwaka ule, mlango huu haukufungwa. Hapa hapajatoka mtu na kinyongo kifuani. Wakubwa wa mji wamekufa, Abu Rakan, tumebaki kutafuta wakubwa kwa taa. Nikawaambia hawa vijana, msiogope, tunakwenda kwa mkubwa."

Njaa ya mwaka gani, Mithkali hakujua, na babu yake alikuwa mtu bahili ajabu. Lakini kilemba cha ukoka kikishakaa kichwani hakina uzito. Mtu mmoja wa pembeni akasema, "Wallahi kweli." Mwingine akasema, "Baba yake alikuwa vivyo hivyo." Mithkali akavimba. Akahisi masharubu yake yanakua.

"Wazee wangu," akasema, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya mtu mwenye farasi. "Gari ni nini? Gari ni chuma. Gari langu ni gari lenu. Nimesamehe kwa ajili ya Mungu, kisha kwa ajili ya nyuso zenu, na sitaki kitu, si kwa Nimri wala kwa mtu mwingine yeyote. Kunyweni kahawa yenu."

Wakanywa. Nimri, aliyekuwa amekaa nyuma ya wazee, akambusu begani huku analia. Haji Fandi akatoa karatasi kwenye mkono wa joho, ya kusamehe haki yote, na Mithkali akatia saini ndefu yenye mikia miwili. Walipoondoka alibaki amesimama katikati ya sebule kama robo saa, mkubwa wa mji. Kisha akaanza kukusanya vikombe, na alipofika cha tisa akakumbuka Ijumaa.

Umm Rakan aliingia, akavua viatu, akapita jikoni. Kisha sauti yake.

"Vikombe kumi na vinne. Kafa mtu?"

"Hakufa."

"Kuna anayeoa?"

"Hapana."

"Basi umesamehe."

Mithkali akaanza kuchana masharubu kwa vidole.

"Umesamehe nini, Abu Rakan?"

"Gari."

"Gari la nani?"

Akatazama dari. Dari ya nyumba ile ni ya kawaida, haina kitu cha kutazama.

Hakugombana naye. Laiti angegombana. Alimwekea dengu zake, akala zake peke yake, akasahihisha ramani za wanafunzi, na kwa siku mbili akasema naye maneno ya lazima tu, kama chumvi na funga mlango. Ijumaa akatoka kabla ya jua kushika, mto mdogo umo kwenye mfuko wa plastiki, akaelekea kituo cha basi. Mithkali alimwona dirishani akiteremka ule mtaa, akapita lile gari bila kuligeukia. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni, na hakuna aliyekuwepo kumtazama.

Umm Rakan alirudi jioni. "Basi la tatu liliharibika," akasema. "Nilifika saa nane. Alikuwa amelala. Nimemtazama, nikarudi." Akaweka mfuko mezani, akaingia kuswali.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, ofisi imejaa. Mithkali ameinamisha kichwa anajibu bila vichekesho. Akaita namba arobaini na mbili. Kiti cha mbele yake kikavutwa, akainua macho. Umm Rakan, na koti lake la shule, ameshika kijikaratasi cha namba.

"Nina swali," akasema.

"Umm Rakan, mbele za watu..."

"Nimechukua namba kama wao. Nimesubiri dakika hamsini."

"Kweli kasubiri," akasema mzee wa namba arobaini na tatu. "Mjibu mama wa watu."

Umm Rakan akaweka mikono mezani. "Gari lililoegeshwa limegongwa. Kosa ni la aliyegonga, mchoro umesema. Wazee wakaja, kahawa ikanyweka, mtu akasamehe na karatasi akasaini. Huyo aliyesamehe si mwenye gari. Ni mume wa mwenye gari. Mwenye gari hakuulizwa. Bima inasemaje?"

Foleni yote ikasogeza viti. Hata mashine ya namba iliacha kutoa namba, au ndivyo Mithkali alivyosikia. Miaka kumi na tisa, na swali hili alikuwa amelijibu mara zisizohesabika: kwa ndugu, kwa mtoto, kwa mshirika wa biashara. Jibu alilijua kuliko jina la babu yake bahili.

"Haki ya gari ni ya mwenye kadi," akasema polepole. "Hasamehewi mtu na asiye mwenyewe."

"Na ile saini?"

"Hewa."

"Ya mikia miwili?"

"Nani kakwambia ina mikia..." Akajirudi. "Hewa yote, pamoja na mikia."

"Niandikie. Na muhuri utie."

Meneja, Bwana Labibu, alikuwa amesimama nyuma muda wote na kikombe cha chai. Kampuni ingefurahi sana kama kahawa ile ingekuwa halali. Akafungua mdomo, akaona macho ya foleni, akaufunga. "Mwandikie, Abu Rakan," akasema. "Ndiyo sheria. Umetuandikia wewe mwenyewe bango lake pale ukutani."

Akavuta fomu. *Jina la mwenye gari.* Kalamu ikasimama. Huku kwetu mwanamume hataji jina la mkewe mbele ya wanaume. Anasema mama watoto, anasema nyumbani, anasema jamaa. Kuna wanaume katika mji huu wamezikwa bila marafiki zao kujua wake zao wanaitwa nani. Mithkali akaliandika kwa mkono mdogo, amelifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayemnyima jirani yake jibu. Kisha akapiga muhuri.

Hapo shida ya bima ikaisha, ikaanza ya Haji Fandi. Neno limetolewa, kahawa imenyweka, na sasa inadaiwa fidia. Mji mzima utasema Mithkali amekula neno lake. Jioni ile ile, jua halijazama, akaenda kwa Haji Fandi miguu mizito, akaeleza kwenye lile sikio zima kwamba fidia inadaiwa.

"Kahawa iliyonywewa haitapikwi," akasema Haji Fandi.

"Najua, ami yangu."

"Kadi ya gari ina jina la nani?"

"La... la nyumbani."

"Nyumba ina jina kwenye kadi ya gari?"

"Jamaa, Haji. Jamaa wa kwangu."

"Yaani umenipandisha mimi ngazi zile zote, na goti hili, nimsifu babu yako, na mwenye haki yuko shuleni anagawa ripoti?" Akagonga fimbo chini. "Tulipiga hodi mlango usio wenyewe. Mtu akikosea mlango hufanya nini? Hurudi akapiga wa kweli. Kesho baada ya alasiri. Na wewe unakuja nasi, unaingia na wageni."

Ndiyo maana Jumatatu ile Mithkali alivaa joho lake, akatoka nyumbani kwake, akazunguka mtaa, akarudi kwenye mlango wake mwenyewe akiwa wa mwisho katika watu kumi na watano, akabisha hodi na wenzake. Umm Rakan akafungua. Akawakaribisha. Mithkali akakaa karibu na mlango, penye viatu, mahali pake pa zamani, isipokuwa safari hii viatu vingine vilikuwa vyake na vya mkewe.

Umm Rakan alimimina mwenyewe, kisha akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Vikombe kumi na vitano vikawekwa chini. Haji Fandi akakohoa, akaanza, "Nyumba hii tunaijua tangu..."

"Haji, samahani," akasema Umm Rakan kwa upole. "Nina swali moja kwanza. Fidia ya gari langu, mlidhani nani atailipa?"

"Nimri, binti yangu. Nani mwingine? Ana watoto wawili, na lori lenyewe la mkopo. Ndiyo tukaja."

"Nimri halipi. Inalipa bima ya Nimri. Ndiyo maana huikata kila mwaka."

Haji Fandi akageuka kwa wenzake. Wenzake wakatazamana. Kisha vichwa kumi na vinne vikageuka taratibu kuelekea mlangoni, kwenye viatu.

"Abu Rakan," akasema Haji Fandi. "Hilo ulikuwa unalijua?"

"Ndiyo kazi yangu, Haji."

"Na hukusema?"

"Mlikuwa mnanisifu," alisema Mithkali. "Nikaona si adabu kuwakatiza."

Nimri ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia, ikamtoka puani, na baada ya hapo sebule nzima ikaangua kicheko. Wazee walicheka mpaka majoho yakateremka mabegani. Haji Fandi, ambaye hakusikia vizuri, alicheka kwa kuwaamini wenzake. Hata Umm Rakan alificha mdomo kwa ncha ya mtandio. Mithkali peke yake hakucheka. Foleni ilikuwa inamcheka yeye sasa, na akagundua kwamba hilo si sawa na foleni inayocheka nawe.

"Basi sikilizeni," akasema Umm Rakan walipotulia. "Nimri nimemsamehe tangu siku ile, mwanangu huyu, atengeneze breki tu na aache kutegemea mawe. Gari langu litatengenezwa na bima, na litakuwa tayari, mama yangu akiwa bado anajua mlio wake. Hakuna mwenye kinyongo na mwenzake. Kunyweni."

Wakanywa. Mithkali naye akainama akachukua kikombe chake.

"Wewe bado, Abu Rakan."

Kikombe kikarudi chini.

Hakuna mzee pale aliyewahi kuona jambo hilo, na hakuna aliyekuwa tayari kuondoka kabla ya kuona mwisho wake.

"Kwa nani hapa umesema gari ni lako?" akauliza Umm Rakan.

"Kwa hawa wote."

"Basi waambie hawa wote ni la nani."

"Ni la mama Rakan," akasema haraka.

"Kadi haina mtu huyo."

Akatazama joho lake. Akatazama viatu. Angeweza kusema la mwalimu, angeweza kusema la binti ami yangu, na wazee wangempokea, wangesema yatosha, mama, yatosha. Lakini alimwona tena akilini mwake, akiteremka mtaa na ule mto kwenye mfuko wa plastiki. Miaka ishirini na saba ameishi na mtu huyu, na jina lake amelitamka chumbani tu, tena taa imezimwa.

"Ni la Khitamu," akasema, akiviambia viatu.

Haji Fandi akaweka kiganja kwenye sikio lake. "La nani?"

"La Khitamu."

"Sisikii, mwanangu. Gari la nani?"

Mithkali akasimama. "La Khitamu," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Umm Atallah chini. "Gari ni la mke wangu Khitamu, na mimi sikumuuliza."

Hakuna aliyecheka. Khitamu akaangalia mikono yake kidogo, uso umemwiva, kisha akamwonyesha kikombe kwa kidevu. Mithkali akaketi pale penye viatu, akakiinua. Kahawa ilikuwa baridi kabisa, chungu, imebaki mashapo, na aliinywa yote.